Herufi moja kati ya bilioni tatu: mhandisi chipukizi wa data za vinasaba hufanya nini hasa?

Kwenye kromosomu ya 11 ya binadamu, nafasi ya 5,227,002, watu wengi wana herufi T, moja ya herufi nne (A, C, G na T) ambazo DNA huandikwa kwazo. Wengine wana A. Aliyeirithi A hiyo kwa baba na kwa mama ana selimundu. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, na nakala ya pili ikawa salama, ni mbebaji, na anaweza kuzeeka bila kujua. Ni herufi moja kati ya takriban bilioni 3.1 zinazounda seti moja ya jenomu yetu, yaani maandishi yote ya DNA ya mtu, nayo inatosha kuifanya seli nyekundu ya damu ipinde kama mundu.

Hospitali ikisoma jenomu ya mgonjwa, lazima awepo mtu wa kuhakikisha kwamba herufi iliyokuwa kwenye kichupa cha damu ndiyo ileile inayomfikia daktari kwenye ripoti. Mtu huyo si daktari, na mara nyingi si mwanabaiolojia pia. Ni mhandisi wa data. Matangazo ya ajira humwita kwa majina mbalimbali: mhandisi wa bayoinfomatiki, mchambuzi wa data za jenomu, mhandisi wa mitiririko ya uchambuzi, yaani milolongo ya programu zinazopokezana data. Chini ya majina hayo hufuata orodha ya zana ndefu kiasi kwamba kijana aliyemaliza chuo juzi hufunga ukurasa kabla hajafika mwisho. Kasoro ya matangazo hayo ni kwamba yanataja nyundo na misumari bila kusema ni nyumba gani inajengwa. Basi tuifuate herufi yetu ya kromosomu ya 11, na kazi itaonekana njiani.

Kutoka damu hadi faili

Mashine za kusoma DNA zinazotumika zaidi hospitalini hazisomi kromosomu kutoka mwanzo hadi mwisho. DNA hukatwakatwa kwanza, kisha mashine husoma ncha za kila kipande, mara nyingi herufi 150 kwa mkupuo. Kwa kuwa mashine hukosea, kila sehemu ya jenomu husomwa tena na tena. Kiwango kilichozoeleka ni wastani wa mara 30. Piga hesabu: bilioni 3.1 mara 30 ni herufi bilioni 93, yaani zaidi ya vipande milioni 600 vya herufi 150 kwa mgonjwa mmoja, vikiwa vimechanganyika kama kitabu kilichopitishwa kwenye mashine ya kuchana karatasi.

Vipande hivyo huhifadhiwa katika faili ya muundo wa FASTQ. Kila kipande kina mistari minne: jina, herufi zenyewe, alama ya kujumlisha, na mstari wa ubora unaoeleza mashine ina hakika kiasi gani juu ya kila herufi. Hapo kuna kichekesho cha kukaribisha wageni: katika mstari huo, alama ya kuuliza haina maana ya shaka. Ina maana kwamba uwezekano wa kosa ni 1 kati ya 1,000, na hicho ni kiwango kizuri tu. Herufi kubwa I ni bora zaidi, 1 kati ya 10,000.

Anayeanza kazi hukutana na faili hizi siku zake za mwanzo, na swali la kwanza analopewa halina baiolojia hata kidogo: je, faili imefika nzima? Data za mgonjwa mmoja, hata zikishindiliwa, hufikia makumi ya gigabaiti. Mtandao ukikatika njiani unaweza kubaki na faili ambayo ukiitazama mistari ya mwanzo inaonekana haina neno, kumbe imepungukiwa na robo ya mwisho. Kwa hiyo kila faili husafiri na alama yake ya utambulisho, namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Upande wa pili hukokotolewa upya; tarakimu moja ikitofautiana, faili hukataliwa. Kuandika programu fupi inayofanya ukaguzi huo kila faili inapoingia, hata saa nane za usiku, na kupiga kelele panapoharibika, ni kazi halisi kabisa ya mwezi wa kwanza. Haina sifa nyingi. Ila bila hiyo, yote yanayofuata yamejengwa juu ya mchanga.

Nyumba moja, anwani mbili

Sasa vipande milioni 600 vinapaswa kurudishwa mahali pake. Programu kama BWA, iliyochapishwa mwaka 2009, huchukua kila kipande na kutafuta kinafanana na sehemu gani ya jenomu rejea, yaani nakala ya mfano ambayo kila maabara huitumia kama ramani. Matokeo huwekwa katika faili ya BAM.

Ramani yenyewe ina matoleo. GRCh37 ilitoka mwaka 2009 na GRCh38 mwaka 2013, na yote mawili bado yanatumika, kwa sababu kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka toleo moja hadi jingine ni kazi inayoogopwa. Nafasi ya 5,227,002 niliyoitaja mwanzoni ni ya GRCh38. Katika GRCh37 herufi hiyohiyo iko nafasi ya 5,248,232. Anwani zimeachana kwa herufi 21,230. Ukichukua anwani ya toleo moja na kuitafuta katika faili ya toleo jingine, kompyuta haitalalamika. Itakupeleka kwa jirani, kwa adabu kabisa, na utaandika kwamba mgonjwa hana selimundu.

Ndiyo maana mhandisi mzoefu akipewa faili ya BAM asiyoijua, hafungui data kwanza. Hufungua kichwa cha faili na kutazama urefu wa kromosomu ya 1. Ikiwa ni 249,250,621, hiyo ni GRCh37. Ikiwa ni 248,956,422, ni GRCh38. Namba hizi mbili afadhali uzihifadhi kichwani tangu sasa. Zitakuokoa mara nyingi kuliko cheti chochote.

Vurugu za anwani haziishii hapo. Faili moja huandika chr11, nyingine huandika 11 peke yake, na programu inayojaribu kuziunganisha haioni kitu kinachofanana, hivyo hurudisha jedwali tupu bila kutangaza kosa lolote. Muundo wa VCF, wa faili zinazoorodhesha mabadiliko ya mgonjwa, huhesabu kuanzia moja, ilhali muundo wa BED, wa faili zinazoorodhesha maeneo ya jenomu, huhesabu kuanzia sifuri na hauhesabu nafasi ya mwisho, kwa hiyo herufi yetu katika BED huandikwa kuwa inaanzia 5,227,001 na kuishia 5,227,002. Asiyejua hilo hukosea kwa herufi moja kila mahali, na katika fani hii herufi moja ndiyo ugonjwa wenyewe.

Majina nayo yana historia yake. Vitabu vingi hulitaja badiliko hili la selimundu kama Glu6Val, yaani asidi ya amino ya sita ya protini, glutamati (Glu), imekuwa valini (Val), lakini kanuni za sasa za kutaja mabadiliko hulitaja Glu7Val. Protini ni ileile. Wa zamani walihesabu protini iliyokomaa, na wa sasa wanahesabu pia asidi ya amino ya kwanza ambayo hukatwa baadaye. Tena, ndani ya jeni badiliko ni A kuwa T, wakati faili ya VCF inasema T kuwa A, kwa sababu jeni hiyo husomwa kwenye uzi wa upande wa pili wa DNA. Daktari anaweza kulitaja kwa jina moja, maabara kwa jingine, na hifadhidata kwa la tatu, wote wakiwa sahihi. Mhandisi ndiye anayejenga jedwali linalojua kwamba hao watatu wanazungumza habari moja.

Na hiyo ramani isichukuliwe kuwa ni picha ya mtu wa kawaida au mwenye afya. Takriban asilimia 70 ya GRCh38 ilitokana na mtu mmoja, miongoni mwa wachangiaji waliopatikana kwa tangazo la gazeti mjini Buffalo, Marekani, katika miaka ya 1990. Kila binadamu hutofautiana na jenomu rejea katika nafasi milioni 4 hadi 5, na wenye asili ya Afrika ndio wanaotofautiana nayo zaidi. Mwaka 2023 ilichapishwa rasimu ya ramani mpya iliyotokana na watu 47, lakini mifumo ya hospitali huhama polepole. Kwa hiyo, unapoona neno badiliko, soma tu: tofauti na ramani. Si lazima liwe baya.

Kimya cha faili

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo chipukizi wengi huteleza, na wengine waliokomaa pia.

Vipande vikishapangwa, programu nyingine hupitia kila nafasi na kuamua mgonjwa ana herufi gani. GATK ya Taasisi ya Broad imetumika miaka mingi. DeepVariant ya Google hufanya kazi hiyo kwa kuvigeuza vipande kuwa kama picha na kumwachia mtandao wa neva wa kompyuta aamue. Matokeo huandikwa katika faili ya VCF kwa alama fupi. 0/0 ni kwamba nakala zote mbili zinafanana na ramani. 0/1 ni kwamba moja imebadilika; kwa herufi yetu huyo ni mbebaji, na katika vipande 30 vilivyofika hapo unatarajia takriban nusu viwe na A. 1/1 ni kwamba zote mbili zimebadilika. Halafu kuna ./. yenye maana kwamba programu imeshindwa kuamua.

Sasa fikiria umefungua VCF ya mgonjwa na nafasi ya 5,227,002 haimo kabisa. Haina 0/0, haina 0/1, haina chochote. Una maelezo mawili. La kwanza ni kwamba programu ilitazama, ikakuta T na T, na kwa kuwa VCF ya kawaida huorodhesha tofauti tu, haikuona haja ya kuandika. La pili ni kwamba hakuna kipande chochote kilichofika hapo: sampuli ilikuwa dhaifu, au kipimo kililenga sehemu nyingine za jenomu. Maelezo ya kwanza yanamwambia mgonjwa hana badiliko. Ya pili yanamwambia hajapimwa. Ndani ya faili, mambo haya mawili yanafanana kabisa. Ni kimya kimoja chenye maana mbili.

Zipo njia za kukisemesha kimya hicho. Muundo uitwao gVCF huhifadhi pia maeneo yanayofanana na ramani pamoja na kiasi cha ushahidi uliopatikana, na maabara makini hutoa faili ya pembeni inayoonyesha kila nafasi muhimu ilisomwa mara ngapi. Lakini data hizi hazikai katika faili moja milele. Huja siku zikaunganishwa: wagonjwa mia tano katika jedwali moja, nafasi elfu moja kila mmoja. Mashimo hayakosekani. Na chipukizi anayejua vizuri Python, lugha ya kuandikia programu, aliyefundishwa kwamba jedwali lenye mashimo husumbua, huandika amri moja ya kujaza kila shimo kwa sifuri. Programu inakimbia, chati zinapendeza. Kwa mstari huo mmoja amewatangaza wazima watu ambao hakuna aliyewapima.

Katika data za mauzo, sifuri badala ya shimo ni kero. Hapa ni uongo wa kitabibu, na unauma zaidi kwa sababu hakuna aliyekusudia kudanganya. Kama ningekuwa na nafasi ya kumfundisha mgeni jambo moja tu, ningemfundisha kutofautisha hakuna na hatujui, katika kila jedwali, kila safu, kila programu anayoiandika.

Ndugu wa kosa hilo ni sampuli zilizobadilishana. Vichupa viwili vikipishana maabara, faili zote zitakuwa safi na zote zitakuwa za mtu mwingine. Njia rahisi ya kuanzia ni kulinganisha jinsia iliyoandikwa kwenye fomu na kinachoonekana katika kromosomu X na Y. Zisipolingana, usikimbilie kusahihisha fomu; huenda ni kosa la kichupa, la uandishi, au hali halisi ya mgonjwa ambayo ni yake na daktari wake. Kazi yako ni kusimamisha mtiririko na kuuliza.

Nisisahau Excel. Kwa miaka mingi jeni zilizoitwa SEPT1 na MARCH1 zikifunguliwa humo ziligeuka kuwa tarehe 1 Septemba na tarehe 1 Machi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba takriban moja ya tano ya makala za kisayansi zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel zilikuwa na majina yaliyoharibika. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilikubali yaishe: ikazibadilisha kuwa SEPTIN1 na MARCHF1. Sayansi imebadilisha lugha yake kwa ajili ya programu ya ofisini. Faili za zamani bado zipo, na atakayezisafisha ni wewe.

Kinachoifanya iwe kazi ya hospitali

Mtafiti anaweza kusasisha programu zake kila wiki na kufurahia matokeo mapya. Maabara ya wagonjwa haiwezi. Kila toleo la kila programu hugandishwa, hujaribiwa kwa sampuli ambazo jibu lake linajulikana, huidhinishwa, na kubadilika kwake huhitaji majaribio mapya na saini. Viwango kama ISO 15189 vya maabara za tiba vinadai ushahidi wa hayo yote. Ndiyo sababu zana kama Nextflow na Snakemake, zinazoandika kila hatua ya mtiririko, na Docker, inayofungasha programu pamoja na matoleo yake, zimekuwa mkate wa kila siku. Si mtindo tu. Ni namna ya kuweza kurudia uchambuzi wa mgonjwa wa miaka mitatu iliyopita na kupata jibu lilelile.

Jibu kuwa lilelile, hata hivyo, hakuzuii maana yake kubadilika. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2015, unaofuatwa na maabara nyingi duniani, huyapanga mabadiliko katika madaraja matano, kuanzia linalosababisha ugonjwa hadi lisilo na madhara, na katikati kuna daraja la yale ambayo maana yake haijajulikana. Tafsiri za maabara mbalimbali hukusanywa katika hifadhidata ya ClinVar, iliyoanza mwaka 2013. Badiliko linaweza kukaa daraja la katikati leo na kesho likahamia juu au chini. Kwa hiyo ripoti lazima ionyeshe ilitumia ClinVar ya tarehe gani. Kuongeza safu hiyo ya tarehe katika hifadhidata ni kazi ya saa moja. Kuisahau ni kazi ya miezi kwa atakayekuja kutafuta wagonjwa gani wanahitaji ripoti mpya.

Kuhusu usiri, nitasema machache kwa ukali. Jenomu ni kitambulisho chenyewe. Kufuta jina la mgonjwa hakuifanyi isiwe na mwenyewe. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba hata kutokana na takwimu za jumla za kundi inawezekana kubaini kama DNA ya mtu fulani ilikuwemo, na taasisi ya taifa ya afya ya Marekani ikaondoa takwimu za aina hiyo hadharani. Mwaka 2013 wengine waliweza kukisia majina ya ukoo ya baadhi ya washiriki wa utafiti kwa kutumia kromosomu Y na tovuti za nasaba zilizo wazi kwa wote. Nywila iliyovuja hubadilishwa. Jenomu haibadilishwi, na inawahusu ndugu ambao hawakuulizwa. Sheria ya Ulaya ya GDPR, iliyoanza kutumika mwaka 2018, huziweka data za vinasaba katika kundi linalolindwa zaidi. Kwa chipukizi maana yake ni nidhamu ya kila siku: data za mgonjwa hazishuki kwenye kompyuta yako, jina lake haliingii katika jina la faili, na huzibandiki kwenye programu ya mazungumzo ya akili mnemba ili ikusaidie kutafuta kosa.

Mlango wa kuingilia

Huhitaji kujua vyote. Wanaoingia hutoka pande mbili: waliosoma baiolojia wakajifunza kompyuta, na waliosoma kompyuta wakajifunza baiolojia. Kila upande huuonea wivu mwenzake. Misingi ambayo sioni njia ya kuikwepa ni kutumia Linux kwa kuandika amri, Python ya kutosha kusoma faili kubwa bila kujaza kumbukumbu ya mashine, SQL ya kuuliza hifadhidata, na Git ya kutunza matoleo ya programu unazoandika. Zana ya kuandikia mtiririko, chagua moja tu uizoee. Baiolojia ya kuanzia ni ile tuliyopitia kwenye herufi yetu: jeni, nakala mbili, nyuzi mbili, protini.

Badala ya kukusanya vyeti, fanya mradi mmoja hadi mwisho. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ina mradi uitwao Genome in a Bottle unaotoa data za watu wachache walioridhia ziwe wazi, pamoja na majibu yaliyothibitishwa. Chukua sampuli ya HG002, kromosomu ya 20 tu ili kompyuta yako isizimie. Panga vipande, tafuta mabadiliko, kisha linganisha na majibu: umepata mangapi, umekosa mangapi, umezusha mangapi. Halafu andika kurasa mbili kueleza kwa nini ulikosa yale uliyokosa. Ningemwajiri mtu kwa kurasa hizo mbili mapema kuliko kwa alama zake za chuo.

Ujiandae pia kwa uchovu wa kawaida wa kazi yenyewe. Siku nyingi ni kusoma kumbukumbu za mtiririko uliokufa usiku kwa sababu diski imejaa, kumwandikia mwenzako wa maabara kuuliza sampuli ya 14 ilienda wapi, na kukiri kwamba kosa la jana lilikuwa lako. Mficha uchi hazai: katika timu hizi kosa linalotangazwa saa ileile husahaulika, lililofichwa hufika kwenye ripoti.

Kwenye usaili hawatakuomba upange namba kutoka ndogo hadi kubwa. Huenda wakaweka mbele yako VCF ya mgonjwa ambamo nafasi ya 5,227,002 ya kromosomu ya 11 haimo, na kukuuliza utamjibu nini daktari anayetaka kujua kama mgonjwa ni mbebaji wa selimundu. Kabla ya kujibu ndiyo au hapana, uliza faili hiyo ilipangwa kwa ramani ya toleo gani, na ni vipande vingapi vilivyofika hapo.